Ayubu na Nguvu ya Mvutano: Je, Waebrania Walijua Yaliyomo Tumboni mwa Dunia?

Iko desturi iliyoenea kati ya walimu na wahubiri wengi, nayo ni hii: mtu huchukua aya moja ya Agano la Kale, huiweka kando ya jambo lililovumbuliwa na wenye elimu ya maumbile, kisha husema kwamba Maandiko yalitangulia kulijua jambo hilo miaka elfu mbili na zaidi kabla ya wataalamu. Habari za dunia ndizo zinazopendwa kuliko zote. Ayubu 26:7, panaposemwa kwamba Mungu ameitundika nchi pasipo kitu, husomwa kana kwamba ni habari ya mvutano. Ayubu 28:5, panapotajwa moto chini ya nchi, husomwa kana kwamba ni habari ya mawe yaliyoyeyuka tumboni mwa dunia. Na Mwanzo 7:11, panapotajwa chemchemi za vilindi vikuu, husomwa kana kwamba ni habari ya maji yaliyofichwa chini ya miamba.

Desturi hii ina vitabu vyake. Mwaka 1961 John Whitcomb na Henry Morris walitoa huko Marekani kitabu chao The Genesis Flood, na mwaka 1988 Morris peke yake akatoa The Remarkable Record of Job, ambacho kinamsifu Ayubu kwa usahihi wa elimu yake ya maumbile. Tangu hapo hoja hizo zimenakiliwa mara nyingi, mpaka wengi wazitumiao hawajui zilikotoka. Hatuna shaka juu ya nia ya waandishi hao. Walitaka kuyatetea Maandiko mbele ya watu wanaoyadharau. Lakini nia njema haiwi dhamana ya tafsiri njema. Basi twataka kuzipima hoja hizo kwa mizani mbili: kwanza, kama maneno ya Kiebrania yaweza kuubeba mzigo waliotwikwa, pili, kama elimu ya maumbile yenyewe yasema yale inayodaiwa kusema. Kisha tutatazama hasara wanayoipata wanafunzi wetu tukiendelea na desturi hii.

I. Maneno ya Ayubu

Katika Ayubu 26:7 yako mambo mawili yanayolingana, kama ilivyo kawaida ya mashairi ya Kiebrania, ambayo husema jambo kisha hulirudia kwa maneno mengine. Nusu ya kwanza yasema kwamba Mungu huitandaza kaskazini juu ya utupu. Nusu ya pili yasema kwamba huitundika nchi juu ya kisicho kitu. Wanaotafuta mvutano huishika nusu ya pili na kuiacha ya kwanza. Lakini mbawa mbili za ndege mmoja haziruki kila moja peke yake. Kama nusu ya pili ni elimu ya nyota, na ya kwanza je? Kaskazini ni upande tu, hautandazwi.

Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni tsafon. Maana yake ni kaskazini, lakini tena ni jina la mlima. Wachimbaji wa magofu walipoanza kazi Ugariti, katika pwani ya Shamu, mwaka 1929, walikuta vibao vya udongo vinavyousimulia mlima wa jina hilo kuwa makao ya mungu Baali. Mlima huo upo hata leo, mpakani mwa Shamu na Uturuki, nao waitwa Jebel Aqra. Kimo chake ni mita 1,700 na zaidi kidogo. Kitenzi cha kutandaza ndicho kile kile kinachotumika mara nyingi katika Zaburi na Isaya kwa mbingu zinazotandazwa kama hema. Basi wafasiri wengi huona kwamba mshairi anazungumza juu ya mbingu, au juu ya mlima ambao mataifa waliuita kiti cha miungu yao, akisema kwamba huo nao wategemea mkono wa Mungu mmoja tu. Hili ni neno kubwa, lakini si hesabu ya nyota.

Neno la mwisho la aya ile ni belimah, nalo halionekani mahali pengine po pote katika Agano la Kale. Limeungwa kwa maneno mawili, beli, yaani bila, na mah, yaani nini; ni kama kusema bila-nini. Na kitenzi cha kutundika ni kile kile kinachotumika kwa mtu aliyetundikwa mtini, kama mwokaji wa Farao au Hamani, na kwa vyombo vilivyotundikwa katika Isaya 22:24. Picha iliyo mbele ya macho yetu, basi, ni ya mtu atundikaye chombo ukutani; naye anatazama na kuona kwamba chango hakipo, ila chombo hakianguki. Hiyo ndiyo ajabu anayotuonyesha Ayubu.

Sasa tuendelee kukisoma kitabu chenyewe. Katika sura ya 9, aya ya 6, Ayubu huyo huyo anasema juu ya nguzo za nchi zinazotikisika. Katika sura ile ile ya 26, aya nne tu baada ya ile inayopendwa, zatajwa nguzo za mbinguni. Katika sura ya 37, aya ya 18, Elihu anazisema mbingu kuwa ngumu kama kioo cha shaba iliyosubuwa. Mwenye kutuambia kwamba aya ya 7 ni elimu kamili ya maumbile hana budi kutuambia pia zile nguzo ni nini. Akijibu kwamba nguzo ni mfano tu, na kutundika si mfano, twamwuliza: ni kwa kanuni gani umezigawa? Jibu tunaloliona katika vitabu hivyo ni kwamba, panapolingana na Newton huitwa elimu, na pasipolingana huitwa ushairi. Mizani inayogeuzwa kwa kila mnunuzi si mizani.

Tena sura ya 26 yamalizika kwa neno ambalo wenye desturi hii hawalinukuu. Baada ya kuyataja hayo yote, Ayubu anasema kwamba hayo ni kingo tu za njia za Mungu, na kwamba alilolisikia ni mnong'ono mdogo. Yaani mwenyewe anakana kuwa na elimu ile tunayomvika.

II. Mvutano ni nini

Na tuipime hoja kwa upande wa pili. Isaac Newton alitoa kitabu chake kiitwacho Principia mwaka 1687. Hakufundisha kwamba dunia imetundikwa pasipo kitu. Alifundisha kwamba kila kilicho na uzito huvutana na kila kingine, na kwamba nguvu ile ile iangushayo tunda ndiyo iushikao mwezi katika njia yake. Dunia nayo yashikwa na jua, lililo mbali kadiri ya kilomita milioni 150. Dunia haining'inii mahali pamoja; yakimbia kadiri ya kilomita 30 kwa kila sekunde, nayo daima huanguka kuelekea jua bila kulifikia, kwa sababu ya mwendo wake wa kando. Mtu akiyafahamu hayo ataona ajabu moja: aya ya Ayubu ikisomwa neno kwa neno kama somo la maumbile, haipatani na Newton, bali yampinga. Ayubu asema hapana kitu kinachoishika. Newton asema kipo, tena akakipima. Wanaotaka kumfanya Ayubu kuwa shahidi wa mvutano wamemleta shahidi anayeukana.

Husemwa pia kwamba hapana mtu wa kale aliyeweza kuwaza dunia isiyoshikwa na kitu, kwa hiyo lazima Ayubu aliambiwa kwa ufunuo. Hili nalo si kweli. Anaximander wa Mileto, aliyeishi katika karne ya 6 kabla ya Kristo, alifundisha wanafunzi wake kwamba dunia haikushikwa na kitu, bali yakaa mahali pake kwa kuwa haina sababu ya kwenda upande huu kuliko upande ule. Habari hizo twazipata katika Aristotle. Lakini Anaximander huyo aliiwaza dunia kuwa na umbo la pingili ya nguzo, nasi tukikaa juu ya uso wake mmoja. Kama wazo la kukaa pasipo kitu latosha kumfanya mtu kuwa mwalimu wa mvutano, basi na tumpe Myunani huyu heshima ile ile. Lakini hapana mwenye desturi hii aliye tayari kumpa.

Jambo jingine ni neno chini. Kwa Mwebrania, chini ni upande mmoja kwa watu wote. Mbingu ziko juu, nchi iko kati, na Sheoli iko chini. Ashukaye huenda upande huo, wala haulizwi yuko mji gani. Kwa Newton, chini ni kuelekea kiini cha dunia, hata chini ya mtu wa Mombasa si chini ya mtu wa visiwa vya Pasifiki. Tena afikaye kiini chenyewe havutwi tena upande wo wote, kwa kuwa avutwa sawasawa pande zote; pale chini kumekwisha. Fikira hizi mbili hazilingani, na kuzilinganisha kwa nguvu ni kuziharibu zote mbili.

III. Moto na maji ya chini

Mvutano na tumbo la dunia vyahusiana kweli, ila uhusiano huo ulipatikana kwa kazi ya mikono. Mwaka 1798 Henry Cavendish wa Uingereza alipima jinsi mipira mikubwa ya risasi inavyoivuta midogo, na kwa vipimo hivyo akakadiria uzito wa dunia. Aliona kwamba dunia nzima, kwa wastani, ni nzito karibu mara tano na nusu kuliko maji ya ujazo ule ule, hali mawe ya kawaida ya juu ya nchi ni mazito mara mbili na nusu hivi au tatu tu. Kwa hiyo ndani lazima kuna kitu kizito zaidi. Baadaye yalikuja mawimbi ya matetemeko ya nchi kuwa kama macho ya wataalamu. Richard Oldham alionyesha mwaka 1906 kwamba dunia ina kiini. Beno Gutenberg alikadiria kwamba kiini hicho kinaanza kwenye kina cha kilomita 2,900. Na Inge Lehmann wa Denmark alionyesha mwaka 1936 kwamba ndani ya kiini kilichoyeyuka kuna kingine, ambacho leo twajua kuwa ni kigumu. Kutoka miguuni petu mpaka katikati kuna kilomita 6,371 hivi. Shimo refu kuliko yote yaliyochimbwa kwenda chini, lile la Kola huko Urusi, lilifika mita 12,262 mwaka 1989, nalo halikupasua hata ganda la juu.

Na tuirudie Ayubu 28:5. Aya hii yasema kwamba nchi hutoa chakula, na chini yake hupinduliwa kama kwa moto. Atakayeisoma pamoja na aya kumi na moja za mwanzo wa sura hiyo ataona mara moja kwamba ni habari ya wachimba madini. Wanaleta nuru gizani, wanapasua shimo mbali na watu, wananing'inia, wanapindua milima toka mizizi yake, wanatafuta fedha, dhahabu na yakuti. Machimbo ya shaba ya Timna na ya Feinan, kusini ya Bahari ya Chumvi, yalikuwa yakifanya kazi katika zama hizo za kale, na magofu yake yapo. Mtu wa Geita au wa Mererani akisomewa sura hiyo hataitafuta lava. Ataitambua kazi ya jirani zake. Juu ya nchi mkulima analima kwa utulivu, na chini yake kila kitu kimevurugwa. Na shabaha ya shairi zima ni kuuliza kama mtu anayeweza kuyafikia mawe ya gizani aweza kuifikia hekima pia. Jibu lake ni kwamba haimo machimboni. Kuigeuza sura hii kuwa somo la miamba iliyoyeyuka ni kumfanya mshairi aseme kwamba hekima imo shimoni, jambo ambalo ameandika ili alikanushe.

Vilindi navyo vina historia ndefu zaidi. Neno la Kiebrania ni tehom, ndugu wa neno la Kiakadi la bahari, nalo hutaja maji makuu ya mwanzo ambayo nchi imewekwa juu yake. Ndivyo isemavyo Zaburi 24, na ya 136. Mwaka 1681 Thomas Burnet wa Uingereza aliandika kitabu akidai kwamba dunia ya mwanzo ilikuwa ganda laini lililofunika maji, na kwamba siku ya Gharika ganda lilipasuka. Whitcomb na Morris nao walizifasiri chemchemi zile kuwa maji na miamba ya moto iliyofunguka kutoka chini. Kisha mwaka 2014 wataalamu walitangaza kwamba ndani ya almasi moja iliyotoka Brazili walikuta chembe ya madini yaitwayo ringwoodaiti, ambayo huzaliwa kwenye kina cha kilomita mia tano na zaidi, nayo ilikuwa na maji karibu sehemu moja na nusu katika mia ya uzito wake. Magazeti yaliandika kwamba bahari imegunduliwa chini ya dunia, na mara moja wahubiri wakasema: hivi ndivyo vilindi vya Nuhu.

Lakini hapana bahari pale. Maji hayo hayatiririki. Yamefungwa ndani ya jiwe gumu, kama sehemu ya mwili wa jiwe lenyewe. Mtu hawezi kuyateka wala kuzama ndani yake. Tena Burnet aliweka maji ya namna moja, Whitcomb na Morris ya namna nyingine, na wahubiri wa 2014 ya namna ya tatu, na wote walitumia aya ile ile. Aya inayokubali kila nadharia inayopita haishuhudii hata mojawapo.

Hatari ya njia hii ilionekana wazi katika uvumi uliotapakaa tangu mwaka 1989, kwamba wachimbaji wa Urusi walitoboa mpaka Jehanamu na kusikia vilio vya waliohukumiwa. Uvumi huo ulitangazwa hata katika vyombo vya habari vya Wakristo, na watu wa nia njema wakausambaza kuwa ni ushuhuda. Chini ya shimo la Kola palipimwa joto la digrii 180 hivi za Sentigredi, nalo ndilo lililowazuia wachimbaji kuendelea. Aliyeijenga imani yake juu ya vilio vile imani yake itasimama wapi akiyasoma hayo?

IV. Kosa la upande wa pili

Haki yatutaka tuseme pia juu ya wale wanaokwenda njia nyingine. Mwaka 1903 Giovanni Schiaparelli wa Italia, mtaalamu wa nyota, alitoa kitabu juu ya elimu ya nyota katika Agano la Kale, na ndani yake akachora picha ya ulimwengu wa Waebrania: mbingu kama bakuli lililofunikwa, maji juu yake, madirisha ya mvua, nchi juu ya nguzo, vilindi na Sheoli chini. Picha za namna hiyo zimenakiliwa mpaka leo katika vitabu vya mafunzo, na wako wanaozitumia ili kuwacheka watu wa kale.

Picha hizo zina ukweli, na hatupendi kuuficha. Waebrania hawakuijua dunia iliyo tufe ikilizunguka jua. Waliiwaza kama walivyoiwaza majirani zao wa Babeli na Kanaani. Neno chug katika Isaya 40:22, ambalo wengine hulifasiri kuwa tufe, ni duara ichorwayo na bikari. Isaya anapotaka kutaja kitu cha mviringo kitupwacho hutumia neno jingine, katika 22:18. Lakini mchoraji amefanya lile lile alilolifanya mtafuta mvutano: ameokota aya katika mashairi ya zama mbalimbali na kuzigandisha kuwa ramani moja. Zaburi 24 yaiweka nchi juu ya maji, Ayubu 9 juu ya nguzo, Ayubu 26 juu ya kisicho kitu. Hayo hayachoreki pamoja. Tena wale wanaosemwa kuwa waliamini madirisha ya mbinguni ndio walioandika katika Waamuzi 5, na katika Mhubiri 11, kwamba mvua hutoka mawinguni. Walikuwa na macho. Waliposema madirisha, walijua wanasema nini, kama sisi tusemavyo kwamba jua limekuchwa hali tunajua kwamba dunia ndiyo iliyogeuka.

V. Maneno yetu ya Kiswahili

Sehemu ya kosa yatoka katika lugha tunayosomea. Kwa Kiebrania anga la Mwanzo 1 ni raqia, kutoka kitenzi cha kufua chuma mpaka kiwe bamba. Ndicho kitenzi kilichotumika katika Kutoka 39 kwa mabamba ya dhahabu. Wayunani wakalifasiri stereoma, na Walatini firmamentum, maneno yenye maana ya kitu kigumu kilichoimarishwa. Lakini anga la Kiswahili ni jamaa ya mwanga na angaza. Ni weupe na nafasi, halina ugumu hata kidogo. Kwa hiyo msomaji wetu, asomapo anga, huona hewa na nafasi ambamo ndege za abiria hupita, wala hapati habari ya bamba lililofuliwa. Hatuwalaumu wafasiri, kwa kuwa neno lililo bora halikuwapo; lakini mwalimu apaswa kulijua.

Nchi kwa Kiebrania ni erets, ndugu wa neno la Kiarabu lililotupa ardhi. Erets ni udongo, ni shamba, ni nchi ya taifa fulani, ni nchi kavu mbele ya bahari. Sio sayari. Sisi tukisema dunia, jicho la mwanafunzi huenda kwenye tufe lililo juu ya meza ya mwalimu wa jiografia, na akisikia kwamba limetundikwa pasipo kitu, hoja ya mvutano huwa imeshinda kabla haijasemwa. Lakini dunia nalo, katika Kiarabu, lilikuwa neno la maisha haya yaliyo karibu, yakilinganishwa na akhera. Tufe limeingia baadaye.

Na kuzimu, ambalo wafasiri walilichagua kwa Sheoli, ni mahali pa wazimu na mizimu, yaani pa wafu wa ukoo. Hapa lugha yetu imekaribia Kiebrania kuliko lugha nyingi za Ulaya, kwa maana Sheoli ni makao ya wafu wote, wema na wabaya, wala si tanuru. Anayekipeleka kiini cha moto cha dunia mahali pa Sheoli ameisahau maana ya neno lake mwenyewe.

VI. Hasara, na lipi tufanye

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, na kwamba likimvuta kijana mmoja kanisani lina faida. Sisi hatuoni hivyo. Kijana wa sekondari aambiwaye na mwalimu wa dini kwamba Ayubu alijua mvutano atakwenda kwa mwalimu wa fizikia, na baada ya miaka miwili atajua kwamba hoja haisimami. Wakati huo hataitupa hoja peke yake. Atamtupa na Ayubu, kwa kuwa alifundishwa kwamba vinasimama pamoja. Jambo hili lilionywa zamani na Mwafrika mwenzetu, Augustino wa Hippo, aliyezaliwa mwaka 354. Katika kitabu chake kirefu juu ya Mwanzo alisema kwa uchungu kwamba ni aibu Mkristo akisema upuzi juu ya mbingu na nyota mbele ya mtu asiyeamini ambaye anayajua mambo hayo. Kwa maana huyo, akiona tumekosa katika yale ayajuayo, atatuaminije katika habari za ufufuo?

Historia yaonyesha kwamba hofu yake haikuwa bure. Katika karne ya 6 Cosmas wa Aleksandria, mfanyabiashara aliyefika Aduli katika nchi ya Aksumu, aliandika kitabu kizima kuthibitisha kwamba ulimwengu una umbo la ile hema ya kukutania jangwani, na kwamba wanaosema dunia ni tufe wanayapinga Maandiko. Mwaka 1616 aya za Zaburi na za Yoshua zilitumiwa huko Roma kuhukumu fundisho kwamba dunia yaenda, na mwaka 1633 Galileo akalazimishwa kulikana. Wale waliofanya hayo hawakuwa maadui wa Maandiko. Walikuwa watetezi wake. Nao waliamini, kama wenye desturi ya leo, kwamba Roho wa Mungu aliwapa manabii somo la elimu ya maumbile. Tofauti ni kwamba wao walilitumia somo hilo kuikataa elimu mpya, na hawa hulitumia kuisifu. Mzizi ni mmoja. Jean Calvin, katika ufafanuzi wake wa Mwanzo uliotoka mwaka 1554, aliuona mzizi huo, akasema kwamba Musa aliandika kwa namna ya watu wa kawaida, na atakaye kujifunza nyota na aende kwingine.

Basi twawashauri walimu wenzetu mambo matatu. La kwanza, aya isisomwe peke yake. Sura nzima isomwe darasani, na mwanafunzi aulizwe mshairi anataka kuonyesha nini. La pili, mvutano na kiini cha dunia vifundishwe kwa ushahidi wake wenyewe, kwa mipira ya Cavendish na mawimbi ya Lehmann, wala visiazimiwe heshima katika Ayubu. Havina haja nayo. La tatu, maneno kama anga, nchi na kuzimu yafafanuliwe kabla ya kuhubiriwa.

Na juu ya Ayubu, liko jambo moja ambalo wenye desturi hii wamelipita bila kuliona, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Katika sura ya 38, aya ya 4 hadi ya 6, Mungu anasema na Ayubu kutoka upepo wa kisulisuli, na maswali yake ya kwanza ni haya: alikuwa wapi wakati misingi ya nchi ilipowekwa, ni nani aliyeweka vipimo vyake, na misingi ile ilikazwa juu ya nini. Ayubu hana jibu. Kitabu kizima kinaelekea mahali hapo, ambapo mtu aliyeteswa bila kosa anaambiwa kwamba hajui nchi imekazwa juu ya nini, na bado anasemeshwa na Mungu, na mwisho anasemwa kuwa amenena yaliyo sawa kuliko rafiki zake waliokuwa na majibu. Tukimpa Ayubu elimu ya Newton katika sura ya 26, swali la sura ya 38 halina maana tena, kwa sababu angelijibu. Tutakuwa tumempata mtaalamu mmoja wa maumbile asiyehitajika, na kumpoteza yule mtu ambaye wagonjwa na wafiwa wa sharika zetu humwendea kwa sababu hakujua, kama wao wasivyojua.